Kisima Hakikimbizwi: Konvata, Haidrojeni na Ndoo Nne

Nyumba ya bibi yangu iko Shela, pale vichochoro vinapoisha na milima ya mchanga inapoanza. Uani mna kisima. Maji yake ni matamu, na utamu huo una asili yake: mvua inayonyesha juu ya ile milima huzama mchangani, ikatulia chini kwa chini juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi na ya bahari ni mazito. Mji wa Lamu nao unakunywa kutoka mchanga huohuo. Ukiteka kwa adabu, kisima hukupa mwaka mzima. Ukikivuta kwa pupa, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na yakishapanda hayashuki kesho wala keshokutwa.

Mwaka mmoja, msimu wa Maulidi, nyumba ilijaa wageni kutoka Pate na Faza, na wengine wametoka Malindi. Kaka yangu alikuwa amenunua pampu ya umeme, akaifunga, ikawa inanguruma kutwa. Siku ya tatu chai ikawa na chumvi. Bibi aliionja, akakiweka kikombe chini, akasema bila kupandisha sauti: "Izimeni. Kisima hakikimbizwi." Tulirudi kwenye ndoo na kamba. Alfajiri na jioni tulijaza birika la chooni, lile la zamani lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na watu wakawa wanachota humo kwa kata. Anayetawadha anachota birikani, anayeoga anachota birikani, kisima hakijui kama wageni ni watano au hamsini. Ilichukua siku nyingi maji kurudi utamu wake.

Mimi ni fundi wa elektroniki za umeme. Karakana yetu iko Langoni, na kazi ya kila siku ni inveta za sola, chaja za betri za boti, na friji zilizouawa na umeme uliorudi kwa kishindo. Lakini kitu nilichokisomea kwa moyo wote, na ninachokisoma mpaka leo usiku nikishafunga karakana, ni konvata, yaani vifaa vya kubadilisha volteji, za magari ya seli za haidrojeni. Watu wakiona kwenye simu zao gari linalotoa maji badala ya moshi, wanakuja kuniuliza maswali mawili. La kwanza: lile tangi halilipuki? La pili: hiyo haidrojeni inatoka wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu sanduku la alumini lililo kati ya seli na mota. Na mimi naamini gari lile linaishi au linakufa kwa sanduku hilo.

Tuanze na seli yenyewe. Seli ya haidrojeni haichomi kitu. Upande mmoja inaingia haidrojeni, upande wa pili inaingia hewa, na katikati kuna utando mwembamba uliopakwa chembe za platinamu kila upande. Platinamu inaivua haidrojeni elektroni zake. Protoni zinapita kwenye utando, elektroni hazipiti, basi zinalazimika kuzunguka nje kwa njia ya waya, na safari hiyo ya kuzunguka ndiyo umeme. Upande wa pili zinakutana tena na oksijeni, yanakuwa maji. William Grove wa Wales alionyesha jambo hili mwaka 1839, na mwaka 1965 chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, kilizunguka dunia kikiwa na seli za namna hii. Si jambo geni hata kidogo.

Shida yake ni tabia. Kwa hesabu za kemia, seli moja ya haidrojeni ingetoa volti 1.23. Kwa kweli, ukiiacha bila kazi, inatoa volti moja au pungufu kidogo. Ukianza kuvuta mkondo inashuka upesi kidogo, kisha inateremka taratibu kupita 0.8 na 0.7, na ukifika kwenye 0.6 uko katika kazi kubwa. Ukizidi hapo unafika ukingoni: gesi haifiki kwenye platinamu kwa kasi unayoitaka, na volteji inaporomoka mara moja. Nilipouchora mchoro huu kwa mara ya kwanza chuoni Mombasa, niliona kisima cha bibi. Mwanzo mtamu, katikati mteremko wa taratibu, mwisho chumvi.

Na kuna suala la haraka. Dereva akikanyaga, mota inataka umeme sasa hivi. Lakini hewa inayoingia kwenye seli inasukumwa na kompresa, na kompresa ni chuma kinachozunguka. Hakiongezi kasi kwa kufumba na kufumbua. Haidrojeni nayo lazima ipite kwenye vali na mabomba. Katika ule muda mfupi ambapo mkondo umeshaombwa na gesi haijafika, seli inaumia kwelikweli. Seli iliyokosa haidrojeni huku ikilazimishwa kutoa mkondo inaanza kula kaboni yake yenyewe, ile kaboni inayoishikilia platinamu. Kilicholiwa hakirudi. Kisima cha bibi kilipona, seli haiponi.

Kwa hiyo konvata ina kazi mbili, na vitabu vingi vinaanza na ile ndogo. Ile ndogo ni kupandisha volteji. Ile kubwa ni kuamua seli itatekwa vipi.

Kupandisha kwenyewe ni jambo zuri kulitazama. Kuna koili, kuna swichi ambayo ni transista, kuna dayodi, ambayo ni mlango wa umeme wa njia moja, kuna kapasita. Swichi ikifunga, mkondo wa seli unapita kwenye koili na kurudi, na unakua kila nukta. Kisha swichi inafungua ghafla. Koili ina tabia moja isiyobadilika: mkondo ukishapata mwendo ndani yake, haukubali kusimamishwa. Ni kama jahazi linalokuja gatini na mwendo wake. Ukilitupia kamba na kuifunga mara moja kwenye nguzo, jahazi halisimami, kamba ndiyo inayokatika. Koili nayo ikifungiwa njia inapandisha volteji yake mpaka ipate pa kutokea, na dayodi ndiyo tundu tulilomwachia. Mkondo unapita hapo, unaingia kwenye kapasita ikiwa na volteji kubwa kuliko ile ya seli. Kapasita ndiyo birika letu. Mota inachota humo kwa kata.

Chukua rundo la seli 370, kila moja ikifanya kazi kwenye volti 0.6. Hizo ni volti 222. Mota inataka 650. Ukipiga hesabu, swichi inatakiwa ikae imefunga theluthi mbili ya muda na kufungua theluthi moja. Ikifanya hivyo mara 20,000 kwa sekunde, basi kila mzunguko una mikrosekunde 50: 33 za kujaza koili, 17 za kumimina. Mimi hesabu hii bado inanifurahisha, miaka yote hii.

Konvata yangu ya kwanza niliijenga mwaka wa mwisho chuoni. Mwalimu wangu alikuwa na seli ndogo ya kufundishia, ya wati 100, volti 12, na alinipa ruhusa ya kuitumia baada ya kuniapisha. Nilitaka kupandisha mpaka volti 48, kisha inveta ndogo, kisha feni ya kawaida ya mezani. Koili niliizungusha kwa mkono juu ya pete ya feraiti, waya wa shaba wenye vanishi, mizunguko 24, vidole vikipata malengelenge. Usiku wa kwanza transista ilipasuka. Ya pili ikapasuka. Nilizinunua kwenye duka moja la mjini, kwa pesa ambazo mama alinitumia za matumizi, na maandishi yake yalikuwa yamechapwa vizuri kabisa. Nilichukua koleo nikaivunja moja. Ndani mlikuwa na kipande cha silikoni kama punje ya ufuta. Nikavunja nyingine yenye namba ileile, niliyoing'oa kwenye inveta mbovu ya zamani: kipande cha ndani kilikuwa kikubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mtu alikuwa amechukua transista dhaifu na kuichapa jina la ile yenye nguvu. Niliumia. Si kwa ajili ya pesa tu; niliwaza ni mafundi wangapi wameungua mikono na kujilaumu wao wenyewe kwa kosa la mchapishaji. Tangu siku hiyo sinunui transista bila kupima uwezo wake wa kupitisha mkondo, na ninawafundisha vijana wa karakana wafanye hivyohivyo.

Kwa transista halali konvata ilifanya kazi. Kwenye umeme wa maabara ilinipa ufanisi wa asilimia 93, na nilikuwa na furaha isiyo kifani. Kisha nikaiunga kwenye seli, nikawasha feni, na seli ikashuka, ikahema, ikazimika. Nikairudisha, ikazimika tena. Nililaumu seli. Mwalimu aliniletea osiloskopu, mashine inayochora mwendo wa umeme kwenye kioo, akaweka kifaa cha kupima mkondo kwenye waya wa seli, akaondoka bila kusema neno.

Mkondo ulikuwa unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, mawimbi makubwa kama ya kusi. Feni ya mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde inakunywa mara mbili kila mzunguko, na konvata yangu, kwa bidii niliyoipa, ilikuwa inapeleka kila funda la feni moja kwa moja mpaka kwenye seli. Na wakati wa kuwaka, feni inataka mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, kwa mkupuo. Konvata ilitii. Nilikuwa nimejenga pampu ya kaka yangu.

Dawa ilikuwa mambo mawili. Nilikuza birika: kapasita kubwa zaidi upande wa volti 48. Kisha nikaifundisha konvata uvumilivu. Badala ya kuiambia "shikilia volti 48 kwa gharama yoyote", niliiambia iruhusu zile 48 ziyumbe kidogo juu na chini, na mkondo wa seli uongezwe kwa ngazi ndogondogo tu. Volti za feni zikayumba, hakuna aliyeona. Seli ikatulia. Ufanisi wa konvata yenyewe haukupanda hata asilimia moja, lakini haidrojeni ileile iliendesha feni muda mrefu zaidi, kwa sababu seli inayotekwa kwa utulivu inabaki kwenye ule mteremko mtamu, haiendi ukingoni na kurudi mara 100 kila sekunde. Hapo ndipo nilipoacha kuamini namba ya ufanisi inayopimwa kwenye ncha za konvata peke yake. Ufanisi upimwe kuanzia kwenye tangi.

Magari hayana shida ya feni yangu, maana mota zao zina njia tatu za umeme, na jumla ya njia tatu hizo ni tulivu. Lakini yana viwimbi vya swichi yenyewe: mkondo wa koili unapanda kwa zile mikrosekunde 33 na kushuka kwa zile 17, kama meno ya msumeno. Hapa nirudi kisimani.

Bibi alipozima pampu, kazi ya kuteka aliigawa kwetu sisi wanne: kaka, binamu wawili na mimi. Mwanzo tuliteka ovyo. Ndoo mbili zinazama pamoja, maji yanapiga kelele, mchanga unatibuka. Bibi akatupanga. Yangu ikizama, ya kaka iko nusu ya njia, ya binamu mmoja iko mdomoni inamwagwa, ya mwingine inashuka. Kamba nne, zamu moja. Uso wa maji haukuyumba tena, na birika lilijaa upesi kuliko tulipokuwa tunakimbizana.

Hivyo ndivyo konvata nzuri ya gari inavyojengwa. Badala ya koili moja kubwa na swichi moja kubwa, unaweka koili nne na swichi nne, kila moja ikiwa nyuma ya mwenziwe kwa robo ya mzunguko. Mkondo wa koili moja ukipanda, wa nyingine unashuka, na seli inaona jumla tu. Kuna sehemu ambapo viwimbi vinafutika kabisa: swichi zikikaa zimefunga robo ya muda, nusu, au robo tatu. Kwenye theluthi mbili haviishi, ila vinakuwa vidogo na vya haraka mara nne, na vya haraka ni rahisi kuvimeza kwa kapasita ndogo.

Faida ya pili ni ya joto. Joto la waya linakua kwa mraba wa mkondo. Kilowati 100 kutoka volti 222 ni ampea 450. Ukizipitisha kwenye njia moja, sawa. Ukizigawa kwenye njia nne zenye upinzani uleule, kila njia inabeba robo ya mkondo, na robo kwa robo ni moja ya kumi na sita. Njia zote nne pamoja zinatoa robo ya joto la ile moja. Gharama yake ni shaba zaidi, vipimo zaidi vya mkondo, na kazi ya kuhakikisha hakuna njia inayobeba mzigo wa mwenziwe. Katika kuteka, binamu mmoja akizembea wengine wanachoka. Katika konvata, koili moja ikizidishiwa inajaa sumaku, upinzani wake kwa mabadiliko unapotea, na transista yake inakufa kabla hujanusa moshi.

Toyota Mirai ya kwanza, gari la seli za haidrojeni lililotoka Desemba 2014, ilikuwa na seli 370 zenye kilowati 114 na konvata ya njia nne inayopandisha mpaka volti 650. Fikiria ingekuwaje bila konvata: kupata volti 650 kwa seli za volti 0.6 ungehitaji seli 1,083, kila moja na platinamu yake, utando wake, na nafasi yake ya kuvuja. Konvata ilifuta zaidi ya nusu ya rundo. Mirai ya pili, ya mwaka 2020, ina seli 330 zinazotoa kilowati 128, na transista za konvata yake ni za silikoni kabaidi, yaani silikoni iliyoungana na kaboni. Denso, waliotengeneza sehemu hiyo, walisema Desemba mwaka huo kwamba imepunguza upotevu kwa asilimia 70 hivi na ujazo kwa asilimia 30 hivi, ikilinganishwa na ile ya silikoni ya kawaida.

Kwa nini silikoni kabaidi? Transista haipotezi umeme wakati wa kupitisha tu. Inaupoteza pia katika ule muda mfupi wa kufungua na kufunga, ambapo ina mkondo na volteji kwa pamoja. Ile ya kawaida inayotumika kwenye volti kubwa ina mkia: ukiizima, mkondo unaendelea kujikokota kidogo, na kila mkokoto ni joto. Silikoni kabaidi inakata safi. Basi unaweza kuifungua na kuifunga mara nyingi zaidi kwa sekunde, na ukiongeza kasi, koili inapungua ukubwa, kapasita inapungua, sanduku zima linapungua. Tena inavumilia joto kubwa. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa seli ya haidrojeni inafanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, na joto lake karibu lote lazima litoke kwa njia ya rejeta. Kwa jua letu la Februari, tofauti kati ya maji ya rejeta na hewa ya nje si kubwa. Kila wati ambayo konvata inaacha kuipoteza ni wati ambayo rejeta haibebi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera katika karatasi nyingi ninazosoma. Mtu anaandika: konvata yangu ina ufanisi wa asilimia 98. Ukitazama chini, amepima kwenye mzigo mkubwa, kwenye nukta moja nzuri kuliko zote. Lakini gari haliishi hapo. Gari linaishi kwenye msongamano, kwenye tuta, kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kilowati 100 zinahitajika kwa sekunde chache za kulipita lori.

Tuseme konvata ya kilowati 100 inapoteza kilowati 2 kwenye mzigo kamili. Hiyo ni asilimia 98, na inasikika vizuri. Tuseme katika zile wati 2,000, wati 400 ni za lazima: sumaku ya feraiti inayogeuzwa mara 20,000 kwa sekunde, umeme wa kuamsha transista, mambo ambayo hayapungui sana mzigo ukipungua. Gari likiingia mjini na kutumia kilowati 8, zile wati 400 bado zipo, na sasa ni asilimia 5 ya kila kitu. Mwenye asilimia 98 yuko chini ya 95 siku nzima, na hakuna mahali alipoandika hilo.

Dawa yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda vizuri: mzigo ukipungua, laza njia. Njia tatu zilale, moja ifanye kazi. Ule mzigo wa lazima unashuka karibu mpaka robo. Wageni wakiondoka Shela hatusimami wanne kisimani. Ugumu uko kwenye kuamsha. Njia iliyolala ikiamshwa kwa pupa inatikisa nyingine zote, na seli inatikisika nazo. Tena zamu inabidi ipangwe upya: wawili wanapishana kwa nusu ya mzunguko, watatu kwa theluthi, na mpango huo lazima ubadilike huku ndoo zikiwa safarini.

Kuna na hili: kwenye mzigo mdogo seli yenyewe inatoa volti zaidi, 0.8 hivi, na mota inayozunguka taratibu haihitaji 650. Safari ya kupanda inakuwa fupi, na konvata inayopandisha kidogo inapoteza kidogo. Mbunifu anayelazimisha 650 saa zote, mchana na usiku, anapandisha ndoo mpaka ghorofani kwa mtu anayeoga uani.

Na betri. Gari la seli lina betri ndogo pembeni, na betri ndiyo inayopokea ghadhabu ya mguu wa dereva. Inatoa kwa haraka, inapokea breki zikifungwa, huku seli ikipanda kwa ngazi zake. Wapo wanaoiona betri hiyo kama kasoro, eti gari la haidrojeni halijajitegemea. Mimi naiona kama birika. Nyumba isiyo na birika ndiyo yenye kasoro.

Ami yangu ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Lamu. Anajua bei ya petroli kwa shilingi na senti, kwa hiyo swali lake kwangu lilikuwa la kazi: "Mwanangu, hiyo haidrojeni yako itaendesha boti yangu lini?" Nilimwambia ukweli. Kuna feri Norwei iitwayo MF Hydra, yenye seli mbili za kilowati 200 kila moja, na tangu 2023 inatumia haidrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Inawezekana. Lakini kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa umeme na maji kunakula kilowati-saa 50 na zaidi, na kilo hiyo ina kilowati-saa 33 ndani yake, na seli inarudisha nusu yake au zaidi kidogo. Kwa safari ya Mokowe, ya nusu saa hata haifiki, ukirudi na kufunga gatini, betri na sola zinatosha na zinabaki. Haidrojeni naiona kwenye malori mazito yatokayo bandarini kule Kililana kwenda bara, na kwenye vyombo vya kwenda Kizingitini na kupita, ambako betri ingekuwa nzito kuliko mzigo. Sina haya kusema hivyo ingawa haidrojeni ndiyo mapenzi yangu. Na hewa yetu ni adui wake pia: chumvi ikiingia kwenye utando wa seli inachukua nafasi za protoni, na seli inadhoofika. Kichujio cha hewa cha gari la Lamu hakiwezi kuwa kile cha gari la Nairobi.

Hata hivyo ami alitaka boti ya umeme, na boti ya betri nayo inataka konvata. Kwa hiyo miezi hii ninamjengea: kilowati 3, njia mbili, koili mbili za feraiti nilizozizungusha mwenyewe, bodi imepakwa vanishi tabaka tatu dhidi ya chumvi. Seli ya haidrojeni sina. Ninajaribu kwa paneli za sola zilizo juu ya dari, na nimefurahi kugundua kuwa paneli ni mwalimu mzuri wa jambo hilihili: nayo ukiivuta inashuka taratibu, ukizidi inaporomoka. Programu ninayoiandika kwa ajili ya paneli ndiyo ningeiandikia seli, ila ngazi za kuongeza mkondo zingekuwa ndogo zaidi.

Alhamisi iliyopita alikuja baada ya Alasiri, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeweka mzigo mdogo, wati 300, njia zote mbili zikifanya kazi. Mita ilisoma asilimia 91.8. Nikabonyeza, njia ya pili ikalala. Mita ikacheza kidogo, ikatulia kwenye 95.3.

Ami akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya koili ya kwanza, akaiondoa. Ya moto. Akagusa ya pili.

"Hii imelala?"

"Imelala, ami. Ukiongeza mzigo itaamka yenyewe."

Akashika kirungu cha mzigo kwa vidole viwili, kama anavyoshika usukani akikaribia gati, akazungusha. Wati 500, 700, 900. Koili ya pili ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba, na mstari wa paneli kwenye osiloskopu haukutikisika. Akairudisha mpaka mwanzo, akasubiri ilale, kisha akazungusha tena, polepole zaidi.